Mshono wa Mstari wa Bluu

Pale Dutwa mimi ni mtu wa stika. Bodaboda inakuja kavu, inaondoka na miali ya moto kwenye tangi. Kwa hiyo nilipopata kwenye mitumba boksi la ndege ya plastiki ya kuunganisha, nikajiona fundi tayari.

Niliinunua kwa ajili ya bibi. Macho yake yameingia ukungu, na ndege zinazopita juu ya kijiji chetu, Ngulyati, anazisikia tu.

"Mume wangu," aliniambia, maana mimi ni mume wake tangu nizaliwe, "hilo linalonguruma huko juu limekaaje? Niletee nilishike nilione."

Nikaiunganisha, nikaipaka rangi nyeupe. Zikabaki stika. Maelezo yalikuwa kwa lugha nisiyoijua, ila palikuwa na mchoro wa mkono na bakuli la maji. Nikaelewa: nawa kwanza! Nikanawa vizuri, kama mtu anayengoja ugali, kisha nikaubandua kwa ukucha mstari wa bluu wa ubavuni, kama ninavyobandua stika za bodaboda. Ukachanika katikati.

Kipande kimoja kikadondokea kwenye bakuli na karatasi yake. Nilipokiokota, kikateleza chenyewe kidoleni, laini kama utando wa maziwa. Kumbe maji ni ya stika! Nilicheka peke yangu.

Zilizobaki nikaziloweka, nikazitelezesha kwenye mabawa, nikazikausha kwa pamba ya shambani kwetu. Zikakaa kama rangi. Mstari uliochanika nikauunga, lakini ulijikunja, pakabaki mshono. Uliniudhi kweli.

Nilipompelekea, bibi aliipapasa ndege kuanzia puani. "Eee, kumbe lina mkia kama samaki!"

Nikamshika kidole, nikakiweka kwenye bawa. "Hapa kuna nyota nyekundu, bibi."

"Wapi?"

"Hapo hapo."

"Unanidanganya, mume wangu. Hapa hakuna kitu."

Stika ya maji ikikaa vizuri, kidole hakiijui. Nilikuwa nimejitahidi mpaka nimemnyima nyota yake.

Kidole kikatembea, kikafika ubavuni, kikasimama.

"Na huu mshono?"

"Mstari, bibi. Wa bluu. Ulichanika, nikauunga."

"Bluu ipi?"

"Ya sweta yangu ya shule, ile uliyokuwa unaishona viwiko."

Kidole kikaenda na kurudi.

"Haya," akasema. "Nimeuona."

Wenzangu wa kijiweni wananicheka, wananiambia niupige msasa mshono ule uishe. Siupigi. Bluu yenyewe imeanza kufifia pale bibi anapopashika kila siku.