Kamba ya Telefone ya Kalehe

Mwanangu, hakuna kitu kinachoweza kunishangaza tena hapa duniani. Nakwambia hivyo mwanzoni ili ujue nani anakuandikia. Nilianza na gunia la makala, makaa ya kupikia, mugongoni. Leo niko na nyumba ya ngazi mbili hapa Bukavu, mutaa wa Nguba, madirisha yote yanatazama ziwa, na ukuta muzima wa salon yangu umejaa telefone za zamani. Za kuzungusha kidole, za kukoroga kwa mukono, nyeusi, kijani, na moja nyekundu niliyoitoa Uvira kwa familia ya Waislamu wafanyabiashara, walioninywesha chai ya tangawizi mpaka jua likainama, ndipo wakakubali kutaja bei. Ingine niliikuta Sange, muchuuzi ameilalisha juu ya gunia la muchele ili upepo usilifungue. Nikainunua pamoja na muchele. Shule niliiachia darasa la tatu, lakini nipe telefone mukononi, macho yamefungwa, nitakwambia kama vyuma vya ndani ni vya kwake au vilibadilishwa. Wenye diploma wanakuja kuniuliza.

Sasa sikiliza, maana wewe nawe umeanza kupita mu manyumba ya watu ukitafuta vitu vya zamani vya kununua, na nimesikia namna unavyoongea na wazee. Kuna siku inanirudia mara nyingi, zaidi asubuhi, ukungu ukiwa umelala juu ya ziwa na mitumbwi inapita ndani yake kama inapita mu usingizi wa mutu.

Lakini kwanza nikurudishe nyuma kidogo. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na tano, napandisha makala toka bandari mpaka Nguba. Mu nyumba moja ya wageni toka ng'ambo kulikuwa na mutumishi, Papa Cirhuza, shati nyeupe, viatu visivyo na kelele. Siku hiyo patron, tajiri wake, hakuwepo. Nimesimama mulangoni, jasho langu jeusi, naomba maji, mara kitu kikalia ndani. Mwanangu, sauti ile! Kama kengele ya misa iliyofungiwa mu kabati. Papa Cirhuza akaenda polepole, akainua mukono wa telefone, akasema "Alo" kwa sauti ambayo sikujua kama anayo. Alipomaliza akaniona namna nimesimama, kinywa wazi. Akanipangusa sikio na kitambaa chake, akaniwekea ile kitu. Ndani hakukuwa na mutu. Kulikuwa na mvumo tu, murefu, mmmm, usiopumua. Nilifikiri ni ziwa linaongea. Nilishuka na gunia tupu, na mvumo ule ukashuka pamoja nami, na naamini utajiri wangu wote niliupata nikiufuata.

Miaka ikapita. Wageni wale wakaondoka, nyumba ikabadilisha wenyewe mara nyingi. Nilipopata pesa nikaanza kuuliza telefone ile iko wapi. Wakaniambia Papa Cirhuza, ambaye sasa ni Muzee Cirhuza, alirudi nayo kwao Kalehe. Nikapanda boti.

Nilimukuta mu nyumba ya udongo, bati zimetoboka, ndoo za plastiki chini zinangoja mvua. Telefone ilikaa peke yake juu ya kiti, imefunikwa kitambaa cha kufuma, waya yake imefungwa ku nguzo ya nyumba. Muzee hakunitambua. Na mimi sikumuambia. Bukavu nzima inajua nilianza na makala, naitangaza mwenyewe mu kila arusi. Lakini mbele ya mutu aliyenipangusa sikio, nilitaka anione na saa ya mukono na viatu vya ngozi. Nikasema tu, "Muzee, natoa dola makumi munane. Sibishani."

Binti yake, Maman Neema, alikamata pesa kabla baba yake hajafungua kinywa. Akatazama bati, akasema, "Aksanti Mungu." Muzee akanyoosha kitambaa juu ya telefone. Kisha akasema, "Sawa. Kunywa kwanza maziwa, nikuandalie." Nikamujibu kwamba sina wakati, boti itaniacha. Akaingia nayo chumbani, akarudi na furushi limefungwa vizuri.

Nyumbani nikafungua furushi. Telefone yote iko, inang'aa. Waya hakuna. Ile waya ya zamani, ya kitambaa cha kahawia kilichosukwa, inayotoka ku telefone mpaka ku ukuta: imefunguliwa kwa adabu, haikukatwa. Kwetu sisi tunaozikusanya, telefone bila waya yake ya kuzaliwa ni maiti iliyovalishwa vizuri. Nilipiga kelele mpaka muke wangu akatoka jikoni.

"Mimi! Mimi niibiwe na muzee wa kijiji!"

"Si ulisema hakuna mutu anaweza kukushangaza?" akasema, akarudi ku sufuria yake ya sombe.

Nikarudi Kalehe na furushi na hasira.

"Muzee, waya iko wapi?"

"Iko pale." Akanionyesha nguzo. Ilikuwa imetundikwa, imekunjwa vizuri.

"Uliniuzisha telefone, ukabakiza waya?"

"Wewe uko mutoto wa wapi?"

"Walungu."

"Mutoto wa Walungu, na haujue? Mutu akiuzisha ng'ombe, kamba inaendaka naye?"

Nilimuona baba yangu, kama amesimama pale, anafungua kamba shingoni mwa ng'ombe, na mununuzi anafunga yake aliyokuja nayo. Baba anaingiza kamba tupu ndani ya nyumba, ili ng'ombe zingine zijue njia ya kurudi. Niliyaona hayo nikiwa mutoto, na pesa zilinisahaulisha.

"Muzee, hii si ng'ombe."

"Ni kwako tu si ng'ombe. Mimi nilitumikia wale watu nikiota ng'ombe moja. Moja tu, pesa ya mwisho ya kazi itainunua. Wakaondoka mbio, pesa hakuna, patron ananiambia: Cirhuza, kamata telefone. Nikaikamata. Nikaifunga ku nguzo. Nikaichunga. Sasa niko na ng'ombe ama sina?"

Maman Neema akacheka. "Papa naye! Kila siku anaipangusa, sisi tunamuuliza ataikamua lini."

Nikatoa dola makumi tano kwa ajili ya waya. Nikapandisha mia. Nikapandisha mia mbili.

"Patron, panda tu, panda mpaka Goma," Muzee akasema. "Kamba haiuzwe. Nikikuuzisha kamba, nyumba hii itaita ng'ombe ingine na nini?"

"Basi nifanye nini?"

"Kamba inaendaka na ng'ombe ya kupewa. Na ng'ombe hatupatiake mutu mwenye hatumujue. Wewe ni nani? Hata maziwa yangu ulikataa."

Mwanangu, hapo viatu vya ngozi havikunisaidia. Nilikaa chini, ku udongo ule, na suruali yangu ya arusi. "Muzee, mimi ndio ule mutoto wa makala. Nguba. Ulinipangusa sikio."

Akasimama, akaja karibu. Akanishika sikio, akalivuta kidogo, kama mutu anayetafuta alama ya ng'ombe wake aliyepotea.

"Ni wewe ulikunywa maji kopo mbili, ukaomba ya tatu?"

"Ni mimi."

"Na ulikuja hapa unajifanya mugeni, juu ya nini?"

Nikatazama viatu vyangu. Muzee akamugeukia binti yake.

"Maman Neema, leta pesa ya huyu."

"Papa, na bati je?"

"Leta."

Akaleta. Zilikuwa bado ndani ya kitambaa alichozifungia, na macho yake yamejaa maji. Nikasema hapana, zibaki, ni zenu. Muzee akanikatalia kwa mukono. "Toa zote hapa. Ukiacha hata moja, umenunua, na kamba haitoke." Akaishusha waya mwenyewe, akairudisha mahali pake kwa ncha ya kisu, vidole vyake polepole, kama anasuka nywele za mutoto aliyelala. Safari hii nikanywa maziwa.

Mu boti niliibeba telefone juu ya magoti, bure, na dola makumi munane mu mufuko, na toka nizaliwe, mimi mubebaji wa makala, sijawahi kubeba kitu kizito vile. Mvua ikaanza, ndogo. Matone yakavumisha maji kila upande, mmmm, murefu, usiopumua, ule mvumo wenyewe. Milima ikayeyuka. Nikasinzia, na ndani ya usingizi niliona ndoo za plastiki zinajaa, na Muzee anazunguka kati yake na shati nyeupe, viatu visivyo na kelele, anasema "Alo" kwa kila ndoo.

Nilirudi na bati na seremala. Muzee hakusema aksanti. Alisema, "Umekawia." Na Pasaka iliyofuata nikamupelekea ng'ombe, wa miguu mine, anayelia. Alimuzunguka, akamupiga-piga mubavu, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Na kamba je?"

"Imekuja na kamba yake, Muzee."

Akamufunga ku nguzo ile ile.

Basi, mwanangu, ukiingia mu nyumba ya muzee kwa ajili ya kitu cha zamani, kaa kwanza. Kunywa unachopewa, boti ikuache. Taja jina lako na la baba yako, useme na ulikotoka, hata kama ni makala, zaidi kama ni makala. Uliza kitu kile kilikuwa nani mu nyumba ile. Bei ije nyuma kabisa. Na muzee akibakiza kipande, usimuite mwizi. Muulize sababu, kwa sauti ya mutoto. Mungu akupe macho ya kutambua nguzo ya kila nyumba, na miguu ya kurudi pale ulipopewa, na siku moja mutu mukubwa akushike sikio akutambue.

Telefone ile iko katikati ya ukuta wangu, waya yake imening'inia. Hailii. Watu wananiuliza niliinunua bei gani, nami najibu sikuinunua, nilipewa bure. Na bure ile, kwa kuwa wewe ni mwanangu, mpaka leo imenikula dola mia nane makumi munane na saba, pamoja na franka elfu mbili za mutu aliyesukuma ng'ombe ipande boti.