Mitandio Mitatu ya Kuazima

Walisema sitaweza. Ami yangu alisema mbele ya wageni, kikombe cha kahawa mkononi, kwamba mwanamume aliyekwenda Misri kusomea nguo za kuchezea densi ya tumbo atarudi Maskati kupunguza urefu wa kanzu za watu, na hata hizo atazipinda upogo. Shangazi alisema hakuna mwanamke wa hapa atakayevaa nguo ya namna hiyo akijua imetoka mikononi mwa mwanamume. Binamu zangu walicheka tu, na kicheko chao nakikumbuka zaidi kuliko maneno ya ami.

Leo naandika haya nikiwa na diploma ya ubunifu wa mavazi ya jukwaani. Niliipata Kairo kwa pesa zangu mwenyewe, miaka minne ya kupiga pasi kwa dobi asubuhi na kusoma mchana. Nimeitundika katika chumba changu cha kazi hapa Darsait, juu ya cherehani, na anayeingia huiona kabla hajaniona mimi. Ndivyo nilivyotaka. Na sioni haya kusema kwamba kati ya Mutrah na Ruwi hakuna fundi anayeijua telli kama ninavyoijua.

Telli ni kitambaa cha kusini mwa Misri. Ni wavu wa pamba, mwepesi kama chandarua, ambao wanawake huupenyezea vipande vyembamba vya madini ya rangi ya fedha, kimoja kimoja, wakivikunja na kuvibana kwa kucha mpaka wavu mzima ujae mitende, pembetatu na ngamia. Mtandio wa zamani ukiupokea mikononi unashtuka kwa uzito wake. Uzito huo ndio siri yenyewe. Mchezaji akitikisa nyonga, nyonga huenda kwanza na nguo hufuata baadaye kidogo, kama mtu aliyeitwa akachelewa kuitika. Nguo isiyochelewa si telli. Ni pambo la dukani.

Hilo nilijifunza kwa macho. Mwalimu wangu wa Kairo alikuwa bibi mwenye miwani mbili, moja usoni na moja kichwani, na karakana yake ilifagiliwa na mwanamke aliyekuwa mcheza densi zamani. Nguo ikifika nusu, mwalimu alimwita. Yule mama aliegemeza ufagio ukutani, akavaa nguo juu ya gauni lake la kazi, akatembea hadi mlangoni na kurudi. Mimi nilikaa sakafuni nikitazama pindo. Mwalimu aliniuliza nimeona nini, nami nilijibu: upande wa kushoto unawahi. Basi nikafumua kushoto. Jioni tulikula kushari, ule wali wao wa dengu, kutoka kwenye bakuli moja, na yule mama alitutania kwamba wanafunzi wote hutazama pindo siku ya kwanza tu.

Maskati sina mtu wa kutembea hadi mlangoni na kurudi. Hapa nguo hizi huvaliwa mbele ya wanawake wenyewe kwa wenyewe, katika sherehe ambazo simu huachwa kwenye kapu mlangoni. Vipimo huchukuliwa na dada yangu. Nguo inapomalizika huingia kwenye mfuko, mfuko huingia ndani ya nyumba ya watu, na mimi hukaa garini nikiwa na sindano na uzi kwa dharura. Nimeshona mavazi mengi tangu nirudi. Sijaona hata moja likicheza.

Dada yangu hunisimulia, lakini Mungu hakumpa kipaji hicho.

"Ilipendeza," husema akiingia garini.

"Ilipendeza vipi? Pindo lilifuata nyonga au lilikwenda nayo pamoja?"

"We nawe. Ilipendeza tu. Washa AC."

Sasa, mwaka juzi alikuja bibi harusi mtarajiwa wa Qurum, au tuseme alikuja mama yake. Binti alitaka kucheza alasiri moja mbele ya wanawake wa pande zote mbili kabla ya harusi, na alitaka telli ya kweli, ya zamani, si ile mpya ya watalii yenye fedha chache na wavu wa nailoni. Nilisema ndiyo kabla mama hajamaliza. Kisha nikakumbuka kwamba sikuwa na telli ya zamani hata kiasi cha leso. Kairo ada ilikula kila kitu, nami nilirudi na mkasi, diploma na makoti mawili ya baridi ambayo hapa hayana kazi.

Lakini nilijua telli iko wapi. Iko kwenye masanduku ya wanawake ambao waume zao au baba zao walisoma Kairo enzi zile, wakarudi na zawadi. Nikaenda nyumba tatu. Ya kwanza ilikuwa ya shangazi, Madinat Sultan Qaboos, shangazi yule yule. Alikuwa na mtandio mweusi. Ya pili ilikuwa ya mwalimu mkuu mstaafu, mama wa rafiki yangu wa shule, mwenye mtandio wa rangi ya maziwa. Ya tatu haikuhitaji gari: bibi mjane anayekaa jengo la pili kutoka kwangu, mzaliwa wa Unguja kama bibi yangu, ambaye mumewe alimletea mtandio wa rangi ya zabibu alipokuwa mwanafunzi.

Hakuna aliyekuwa tayari kuuza, wala sikuthubutu kuuliza bei. Niliomba kuazima. Na kwa sababu kila mmoja aliuliza jambo lile lile, niliwapa ahadi moja: mkasi hautaigusa. Nitaikunja, nitaizungusha, nitaishikiza kwa bandi za uzi wa hariri, na sherehe ikiisha nitafumua kila mshono na kuirudisha kama nilivyoipokea. Vazi zima bila mkato mmoja.

Shangazi aliitazama mikono yangu. "Utaukata," alisema. "Fundi haoni kitambaa akatulia. Nawajua mafundi mimi." Lakini aliutoa, ukiwa umefungwa kwenye foronya, na aliponikabidhi hakuachia upande wake mara moja.

Bibi wa Darsait aliniwekea wake mikononi. "Nna huu mmoja tu," alisema. "Nenda nao."

Ilinibidi nirudishe vitambaa vitatu vizima. Vikirudi vizima, mimi ni fundi. Kikirudi kimoja na jeraha, nitakuwa kile ambacho ami alikisema mbele ya wageni, na hakuna mwanamke wa Maskati atakayenifungulia sanduku tena.

Nilifanya kazi siku kumi na tisa. Mtandio mweusi ukawa sketi, umezungushwa kiunoni mara moja na nusu na kukutania juu ya paja la kulia. Ule wa maziwa niliukunja mara nne ukawa mkanda wa nyonga, ncha zake zikining'inia mbele. Ule wa zabibu ukavuka kifua, juu ya sidiria niliyoifunika kwa bitana, ukamalizikia begani. Niliuwaza mpangilio huo peke yangu, bila picha ya mtu. Mwalimu wangu angevua miwani zote mbili.

Kosa nililofanya nitalisema, kwa sababu wapo watakaolisema wakidhani sikuliona. Telli hurefuka. Ukiitundika, uzito wake huivuta chini vidole vinne, vitano, mpaka ichoke. Kwa hiyo mtu huitundika wiki nzima ndipo apime pindo. Ni somo la mwezi wa kwanza. Mimi niliitundika siku mbili. Siku ya tatu niliingia chumbani nikaona mali ya shangazi inaning'inia kwenye msumari, nikaogopa msumari, nikaogopa vumbi, nikaogopa hata upepo wa feni. Nikaishusha, nikaikunja kwenye foronya yake. Kama ingekuwa yangu, ningeiacha.

Alasiri ya sherehe niliegesha gari nje ya ukuta wa jumba lile la Qurum, chini ya kivuli cha tangi la maji. Ngoma zilikuwa zimeshaanza. Simu ikalia. Ilikuwa simu ya mezani ya nyumba ile, na dada yangu alikuwa upande wa pili.

"Sketi imeshuka," alisema.

"Imeshuka kiasi gani?"

"Vidole vinne. Anakanyaga. Katembea hatua tatu akajikwaa, sasa amekaa kitandani analia, na wanja unamtoka." Kisha akapunguza sauti. "Mama yake anasema tukate tu hapo chini. Ana mkasi tayari. Vidole vinne, nani atajua?"

"Mwambie auweke chini huo mkasi."

"Mwambie wewe. Mimi mgeni hapa."

Nilimsikia mama mtu akichukua simu. Kwa upole kabisa aliniambia kwamba watu mia mbili wanasubiri, kwamba atanunua kitambaa kingine na kumlipa mwenyewe mara mbili. Nikamwambia mwenyewe hakukiuza. Akasema, "Mwanangu, ni nguo tu." Nikamwambia akikata, nguo yote itafumuka mbele ya wageni, nyuzi za fedha zitaanza kumwagika kwenye mazulia. Hilo halikuwa kweli hata kidogo. Nilisema kwa sauti ya mtu mwenye diploma, na aliniamini.

Alinirudishia dada yangu. Nilifumba macho. Nililiona vazi kama nilivyolishona, mshono kwa mshono, na nikamwelekeza. Mwambie asimame. Usiguse pindo. Shika sketi juu, pale chini ya mkanda, ivute kwenda juu mpaka vidole vya miguu vionekane. Ile iliyozidi iache imwagike juu ya mkanda, pande zote, isiwe sawasawa. Upande wa kulia izidi. Sasa shikiza kwa pini, pini ipite ndani ya tundu za wavu, isitoboe uzi.

"Tundu zipi? Kitambaa chote tundu," alisema dada yangu.

"Basi huwezi kukosea."

Nilisikia pumzi zake, na pini ikianguka sakafuni, na mtu akimwambia binti anyamaze. Kisha dada yangu akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Eh."

"Eh nini?"

"Imekuwa nzuri kuliko mwanzo."

Alikata simu. Baada ya muda ngoma zilibadilika, zikaja za Kimisri, na ukuta mzima ukajaa vigelegele. Niliteremka garini. Nilisimama karibu na ule ukuta, mtu mzima mwenye ndevu, nikijaribu kukisia kwa sauti za wanawake nyonga iko wapi na nguo iko wapi. Kila vigelegele vilipopanda nilijua kuna kitu kimetokea ambacho mimi nilikitengeneza. Nilimkumbuka yule mama wa karakana na ufagio wake ulioegemezwa ukutani. Ningetoa chochote nikae sakafuni dakika moja.

"Ilipendeza," alisema dada yangu alipoingia garini, na safari hii sikumuuliza zaidi. Macho yake yalikuwa mekundu.

Kufumua kulinichukua siku nne. Nilikuwa nikikata uzi wa hariri kwa ncha ya wembe na kuuvuta taratibu, na kila mshono ulipotoka, vazi lilipungua. Kwanza lilipoteza bega, kisha kifua, kisha nyonga. Ile kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya niliivunja mwenyewe mezani, na hakuna picha yake. Kilichobaki kilikuwa vitambaa vitatu na rundo dogo la nyuzi.

Nilivirudisha siku moja, Jumamosi. Kwa shangazi nilifika saa tatu asubuhi. Aliutandaza mtandio mweusi juu ya kochi, akavaa miwani, akaupitia shubiri kwa shubiri. Nilikaa nikinywa chai yake ya zafarani bila wasiwasi, ingawa kikombe nilikishika kwa mikono miwili. Alipomaliza alimpigia simu ami, pale pale mbele yangu, akamwambia kijana karudisha mtandio, na mzima. Sikusikia ami alijibu nini. Shangazi alisema tu, "Basi ndo hivyo," akakata. Yule mwalimu mkuu hakukagua. Alinipa mkono na kusema binti wa mdogo wake anaolewa mwakani.

Kwa bibi wa Darsait nilikwenda mwisho, baada ya laasiri. Alikuwa miongoni mwa waalikwa siku ya sherehe, amekaa mbele kabisa kama wakaavyo wazee. Nilikuwa nimejiandaa. Huyu, nilidhani, aliwahi kuuvaa mtandio wenyewe, huyu anajua telli inavyochelewa, huyu ndiye angeweza kuniambia. Nilimkabidhi, akauweka mapajani, na nikamuuliza ulivyocheza.

Aliupapasa kwa kidole gumba, kwenye pembetatu moja.

"Sikuona, mwanangu," alisema. "Alipoingia tu, nikauona begani kwake. Nikasimama nikaenda chumba cha nyuma. Nlikaa huko na majokofu mpaka ngoma ikaisha."

Nikamwambia pole. Akasema si ya pole. Mumewe alimwambia auvae siku ya kwanza alipouleta, nyumbani kwao Unguja, na yeye aliona haya, akasema kesho. Kisha kulikuwa na kesho nyingine, na safari, na watoto. "Sijauvaa hata siku moja," alisema. "Nauweka tu."

Aliukunja kwa mikunjo yake ya zamani, ambayo kitambaa kilikuwa bado kinaikumbuka, akaufunga kwenye kanga, akaniomba nimteremshie sanduku kutoka juu ya kabati. Nililiteremsha, akaweka, nikalirudisha juu. Kisha akaniuliza kama nitakula, nikasema nitakula. Tulikula wali na samaki wa nazi, mimi na yeye, nikiwa sina tena kitambaa cha mtu hata kimoja mikononi mwangu.