Punje Mbili za Tunda Moja

Mama yangu alimpenda mtu aliyekaa kwetu wiki tatu tu, na mimi niliyewekwa katikati yao niwaunganishe ndiye niliyewatenganisha.

Nilikuwa mwaka wa pili chuo cha uuguzi, nimerudi likizo kijijini kwetu Izigo, walipokuja wanafunzi wa kujitolea kutoka Ulaya. Asubuhi walisaidia mafundi kujenga chumba cha kujifungulia kwenye zahanati yetu. Mchana walikaa chini ya turubai wakipima watu presha na sukari. Nikapewa kazi ya ukalimani. Wahaya tunataniwa kwamba mtu wetu akisoma kidogo, nchi nzima lazima ijue, na siku zile sikuwaangusha wenzangu. Nilitembea na daftari kifuani hata pale ambapo hapakuwa na cha kuandika.

Wageni waligawanywa majumbani. Wa kwetu alikuwa msichana mrefu anayesomea udaktari, viganja vimechubuka kwa kubeba matofali. Mama hakujua Kiingereza, na Kiswahili chake kilikuwa cha kanisani na sokoni, lakini walielewana kuliko nilivyoelewana naye mimi niliyezaliwa humo ndani. Jioni msichana akirudi na saruji kwenye nywele, anakuta mama ameshamchemshia maji ya kuoga. Mama alimfundisha kumenya ndizi, akamcheka utomvu ulipomganda vidoleni, akamfundisha kupiga magoti anaposalimia wazee. Nikiingia peke yangu, swali la kwanza ni, mwenzako yuko wapi, amekula? Nilimwonea wivu, sioni haja ya kuficha.

Siku ya kuondoka, gari lilikuwa limeshafika barabarani linapiga honi. Mama akatoka na kijikapu cha kahawa, ile iliyochemshwa na kukaushwa ambayo kwetu mgeni hupewa atafune. Yule msichana alikuwa ameshaizoea. Lakini safari hii mama alichukua tunda moja tu, akalipasua ganda kwa kucha, zikatoka punje mbili. Moja akaiweka kiganjani mwa mgeni, nyingine akabaki nayo.

Nilishtuka. Zamani watu waliogawana punje za tunda moja walihesabika ndugu, na mmoja akipatwa na jambo, mwenzake hana ruhusa ya kusema hana nafasi. Nilikuwa nimeyasikia hayo kwa bibi, sijawahi kuyaona yakifanyika, tena na mama mwenyewe, mzee wa kanisa.

Akaniambia kwa Kihaya, polepole, "Mwambie sasa ni mwanangu. Nikifa asije akasikia kwa wapita njia. Aje aniwekee udongo kaburini."

Honi ikalia tena. Nikamgeukia msichana nikamwambia kwa Kiingereza kwamba mama anashukuru, anamtakia safari njema.

Akatabasamu, akamkumbatia mama, punje akaitia kwenye mfuko wa shati na kufunga kifungo. Mama alikuwa ameshaitafuna ya kwake. Akaniangalia.

"Amejibu nini?"

"Amesema atakuja."

Akauliza mbona hajatafuna. Nikasema atatafuna njiani.

Mama alingoja miaka sita. Kile chumba cha zahanati kilikwisha, wanawake wakajifungulia humo, na kila alipopita kutoka kanisani mama alikuwa akiupapasa ukuta na kuwaambia watu kwamba hapa mwanangu alijenga. Akisikia kuna wageni wameonekana Kishanda, alituma mtu akaulize. Kisu alichomenyea ndizi yule msichana hakikutumiwa na mwingine. Mimi nilikuwa nimeajiriwa Bukoba, na kila nilipokwenda kumwona aliniuliza kama mwenzangu ameleta habari. Namba ya msichana nilikuwa nayo muda wote huo. Tulitumiana salamu kila Krismasi. Ujumbe mmoja tu ungetosha, lakini kila mwaka uliopita uliufanya uwe mzito zaidi kuuandika, nami nikawa hodari wa kusema mwakani.

Mama alifariki masika yaliyopita. Tulimzika kibanjani, katikati ya migomba, ubavuni mwa baba. Kabla ya kumshusha, mchungaji alingoja ndugu wa mbali wasogee, na mimi nikajikuta natazama barabarani. Kati ya watu wote pale, mimi peke yangu nilijua kwa hakika kwamba yule msichana hatakuja, kwa sababu hakuna aliyemwambia. Sijawahi kujichukia kama saa ile.

Nilimwandikia baada ya arobaini. Sikujitetea. Nilimwandikia maneno yote ya mama kama alivyoyasema, na yale mawili matatu niliyoyaweka mimi mahali pake.

Alijibu kesho yake, nikiwa kazini. Alisema siku ile alishangaa kwamba maneno ya mama yalikuwa marefu na yangu mafupi, ila aliona aibu kuuliza. Akatuma picha ya punje, kavu, nyeusi, ndani ya kikombe kidogo cha kioo. Amehama nyumba mara nne na hajawahi kuiacha. Mwisho akauliza kama amechelewa kuitafuna.

Laiti angenitukana, ningeweza kuvumilia. Nilitoka nje ya wodi nikalia, kisha nikamwandikia kwamba hajachelewa, atafune.

Jumamosi nilikwenda Izigo. Nikapitiliza nyumba hadi kibanjani, nikapiga magoti kando ya kaburi, nikamwambia mama kwa Kihaya, polepole, neno kwa neno, alichojibu.