Ngozi Ambayo Sikuikagua

Kwa majuma saba niliandika kwenye daftari kwamba ngozi ya mzee wa kitanda cha nne haina kidonda, na sikuwahi kuitazama hata mara moja.

Nilikuwa nimestaafu ukarani wa ghala, nina miaka sitini na moja, nilipopata kazi kwenye nyumba ndogo ya kutunzia wazee nje ya mji wa Kilosa. Siku ya kwanza msimamizi alinisomea kanuni, nikatia sahihi. Kagua ngozi ya mzee kila asubuhi, hasa asiyeweza kujigeuza. Usiandike usichokiona. Ukiwa na undugu na mzee unayemhudumia, sema. Mimi mtu wa kidato cha nne niliziona kanuni za kitoto.

Mzee wa kitanda cha nne alikuwa baba mdogo wa mke wangu. Mto ulimchukulia nyumba yake Chanzuru, wanawe wote walikuwa wametangulia mbele ya haki, kisha kiharusi kikamlaza. Kwangu alikuwa baba mkwe, na kwetu hata goti la mkwe halitazamwi. Nilipopangiwa kumhudumia nilipaswa kusema pale pale. Nilikuwa bado kwenye miezi ya majaribio, nikaogopa kuonekana mtu wa visingizio.

Basi kila asubuhi nilimwekea beseni la maji ya moto na kitambaa kando ya kitanda, nikageukia ukutani.

"Mkwe, umegeuka?"

"Nimegeuka, baba."

"Usichungulie."

"Sichungulii, baba."

Alijipangusa kwa mkono wake mmoja mzima, mpaka pale ulipofika. Kiunoni kwa nyuma haukufika. Akimaliza alikohoa, nami nikaandika: ngozi nzima. Wote wawili tuliona tunaheshimiana.

Juma la tano nilianza kusikia harufu. Nikafungua dirisha. Juma la sita nikabadilisha sabuni. Usingizi ukaanza kunipaa. Jioni mke wangu aliuliza, "Baba mdogo anaendeleaje?" Nikajibu, "Mzima." Nilijua kwamba nikisema leo nitaulizwa kwa nini sikusema jana, na kila siku daftari lilizidi kujaa mwandiko wangu.

Asubuhi moja nilimkuta anatetemeka kwa homa. Msimamizi alivuta shuka, akaona doa, akaita gari. Tukampeleka hospitali huko Mikumi, njia nzima mimi nikiwa nimeshika daftari mapajani.

"Kidonda kina siku ngapi?" daktari aliuliza.

Msimamizi akafungua ukurasa. "Jana hakikuwepo, daktari. Baba yetu huyu ndiye aliyemkagua."

Daktari alikunja uso. "Kwa siku moja? Hakuunguzwa na maji? Kama ni kuungua, nakisafisha, nampa dawa, mnarudi naye. Kama amekilalia kwa majuma, huenda kimefika mfupani, na hapo hatoki leo. Baba, wewe uliyemkagua, ulionaje?"

Mzee alikuwa amelala ametuelekezea mgongo. Kabla sijajibu, akasema polepole, "Labda ni maji. Yalikuwa ya moto."

Alikuwa ananisitiri. Nami, Mungu anisamehe, nikasema, "Huenda."

Kikasafishwa. Tukapewa dawa. Nje, dereva alishika mabega, mimi nikaingiza mikono chini ya mapaja ya mzee ili tumpandishe garini. Ndiyo mara ya kwanza kumgusa hapo. Joto lake lilipita kwenye shuka likanichoma viganja. Nikaona wazi kwamba nikimrudisha Kilosa namrudisha akafe.

"Subirini," nikasema.

Nilirudi ndani nikaipita foleni. "Mzee, na sisi tunaumwa!" mama mmoja akanifokea. Nikamwambia daktari kwamba sijamtazama tangu nimpokee, na kwamba harufu naisikia juma la tatu sasa.

"Kwa nini?"

"Ni mkwe wangu."

Hakucheka wala hakunigombeza. "Mrudisheni ndani sasa hivi," akasema.

Kilikuwa kimefika karibu kabisa na mfupa. Akalazwa. Msimamizi, ambaye umri wake ni wa kitinda mimba wangu na ambaye kila asubuhi ndiye aliyeniamkia shikamoo, alikaa nami kwenye benchi. Akasema, "Baba, mbona hukuniambia? Mpishi wetu ni mtani wa kabila lake. Angemwogesha na matusi juu."

Hilo liliniuma kuliko kufukuzwa. Jambo lisilogusika kwa ndugu, kwetu hukabidhiwa mtani. Nilijua hivyo tangu utotoni. Mila ilikuwa na njia. Mimi ndiye niliyechukua ile nusu iliyonifaa.

Mzee alirudi baada ya miezi miwili. Mimi nilihamishiwa jikoni, na mke wangu alikaa siku nyingi akiniwekea chakula bila kunisemesha. Sasa mpishi ndiye humwogesha, na sauti zao hufika hadi jikoni ninapochochea kuni.

"Geuka, mla panya! Mgongo wenyewe kama mkeka wa msiba."

"Polepole, mchawi wewe! Huko si sufuria."

Mimi sicheki. Kidonda hakijafunga, juma hili hupungua, juma lijalo hufumuka. Mpishi anapotoka chumbani, mimi humtazama usoni kwanza, kabla sijathubutu kuuliza.