Pembe ya Sashe Tumboni mwa Samaki

Ujinga wangu ulikuwa huu: nilimwinua samaki mbele ya wateja wa mama ili niwachekeshe. Walicheka. Kisha meza ikabaki tupu.

Watu wa bunduki walikuwa wamekalia barabara ya Pweto, na samaki wa huko wakakoma kuingia mjini. Mama, aliyeuza bukari, ugali wetu, na samaki wa kukaanga karibu na lango la chuo, Kasapa, akabaki na mafuta bila kitu cha kutia. Mimi nikajifanya mwanamume. Ziwa la parke, ile bustani ya mji, lilikuwa na samaki wadogo, na sisi tulikuwa na chandarua. Mbu walitufaidi, lakini mama akapata cha kuuza.

Lile ziwa nililijua. Tukitoka shuleni, mimi na rafiki yangu tulikuwa tukinunua mayi ya sashe, maji ya vifuko vya plastiki, tunang'ata pembe ya kifuko, tunashindana nani ataitema mbali zaidi majini. Bingwa nilikuwa mimi, na nyumbani nilijisifu. Ukingoni plastiki ilikuwa imeungua na jua hadi ikamong'onyoka. Tuliiita chumvi ya ziwa.

Kupasua samaki, mama hakuniachia kamwe. Alipasua mwenyewe alfajiri, akitugeuzia mgongo. Siku ile alikuwa amepasua wachache tu mdogo wangu aliposhikwa na homa, akagoma kushuka mikononi mwa mama, basi nikapewa kisu pale pale mezani.

Katika tumbo la kwanza nilikuta nyuzi za buluu kama za saki ya unga, na pembe moja ya sashe, imeng'atwa safi. Ndipo nikaelewa ule mgongo. Ningenyamaza. Nikamwinua samaki kwa mkia.

"Bayaya, muangalie! Huyu alikunywa na sashe yake! Mukinunua samaki, kinywaji ni bure!"

Wanafunzi wa chuo wakapiga meza kwa kicheko. Mmoja, aliyekwisha kula nusu, aliacha kucheka kabla ya wengine. Akatema mkononi, akatazama.

"Maman, hii samaki inatoka wapi? Si ulisema ya Pweto?"

Mama akambembeleza mdogo wangu.

"Ya ku parke!" nikajibu mimi, mwenye mdomo.

"Ku parke? Kwenye bantu banatupa buchafu? Maman, unatulisha nini?"

"Mutoto anacheka tu, papa. Iko na michezo mingi."

Lakini pembe ilikuwa bado mkononi mwangu, wote wanaiona. Wakaondoka. Wakawaambia wenzao, na wiki nzima hakuna aliyesimama mezani petu.

Jioni ya siku ile mama alitupakulia samaki wote waliobaki, wamekaangwa bila kupasuliwa. Mkono wangu haukusogea.

"Mama, siye njo tutakula hii?"

Alimkalisha mdogo wangu karibu nami, akanisogezea sahani.

"Bale beko na pengine pa kukula. Siye tuko na hii. Kwanza mupasulie mudogo yako muzuri, utoe bile bipembe ulitemaka."