Tovuti Iliyokimbia Goma

Saa tatu asubuhi, umeme umerudi Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi. Dorcelle Mujinga anawasha kompyuta iliyo chini ya meza yake, anasubiri, kisha anafungua tovuti. Majina yanatokea. Anashusha pumzi.

"Aksanti Mungu. Iko!"

Dorcelle, 34, ni fundi wa seva, yaani kompyuta inayobeba tovuti. Anayoitunza hapa Lubumbashi ni ya watu waliopotezana katika vita vya Kivu. Familia huandika jina la wanayemtafuta na namba ya simu. Halipwi, anaishi kwa kutengeneza kompyuta za wafanyabiashara.

Hadi Januari 2025 seva ilikuwa Goma, kwa Anaclet, aliyemfundisha kazi hiyo. Vita vilipoingia mjini, Anaclet alimtumia Dorcelle nakala ya mafaili yote, akafuta mashine yake, akakimbia. Katika vurumai ile akapotezana na mkewe, Domitille.

Nakala ilifika, lakini ufunguo wa siri unaofungua namba za simu za familia haukuwamo. Anaclet hakuwahi kuuandika katika faili la mipangilio. Humo aliacha jina la ufunguo tu. Seva husoma ufunguo wenyewe kutoka kwenye mfumo wa kompyuta inapowaka.

"Kama ile faili ingeanguka mu mikono ya bantu babaya, hawangepata kitu," anasema Dorcelle.

Siku zikapita bila habari. Hatimaye Anaclet akapiga simu kutoka Butembo, akamtajia ufunguo. Dorcelle akauandika. Seva ikagoma.

"Papa, niliandika. Inakataa!" alisema Dorcelle, ambaye humwita mwalimu wake baba.

"Uliandika wapi, ma fille, binti yangu?"

"Hapa, mu dirisha ya kompyuta yenye niko natumikia."

"Basi ni wewe tu unaiona. Serveur haiangalie mu dirisha yako. Weka mu système, kisha uiwashe tena."

Akauweka kwenye mfumo wa kompyuta, akaiwasha seva upya. Namba zikafunguka, na watu wakaanza kuandika upya. Kesho yake, Dorcelle akakuta kwenye tovuti ujumbe wa Domitille, akimtafuta mumewe. Akapiga simu Butembo.

"Papa, mama Domitille iko muzima! Iko Bukavu, kwa dada yake."

Dorcelle alimsikia Anaclet akilia kwa sauti, kisha akiwaita watu waje wasikie.

Leo mume na mke wako Lubumbashi, na Anaclet anafanya kazi meza ya pili.

"Bila yeye, ningekuwa na mafaili ya bure," anasema Dorcelle. "Ninamushukuru kila siku."

Sasa wanaandaa seva nyingine Kipushi, mji wa jirani. Mafaili yatakuwa yale yale. Watakachoweka upya ni yale yanayokaa kwenye mfumo tu, kama ule ufunguo.

"Kama hapa inaharibika, kule itaendelea," anasema. "Bantu bengi bangali banatafutana. Nataka nao bapate habari kama ya Papa Anaclet."