Mwosha wa Mbegani na Mwalimu wa Mtandaoni

Mwanamke akifariki Mbegani, kabla hata jeneza halijaletwa kutoka msikitini, mtu hutumwa kwa Mwaija Mwinjuma. Huacha anachokifanya, hufunga kanga yake vizuri, huchukua majani ya mkunazi na karafuu maiti, kisha huingia chumbani na wanawake wa kumsaidia. Akitoka, hasemi neno. Makovu, uvimbe, mimba ambayo nyumba nzima haikuijua: yote aliyoyaona yamekwisha humo ndani. Wafiwa hawamuulizi, naye hajapata kumwambia mtu. Watoto wanaocheza njiani humpisha bila kuambiwa.

Mapema mwaka huu alimwosha Bi Habiba, jirani yake wa siku nyingi. Maziko yalikuwa yawe hapo hapo Mbegani. Jeneza likiwa limeshafungwa, akafika mwanawe, Ibrahimu, akasema mama aliwahi kumwomba alazwe karibu na mumewe, Kerege. Hakuna aliyebishana na wosia. Jeneza likapakiwa garini, wanaume wakaenda Kerege kuzika, wanawake wakabaki na matanga.

Siku zisizo na msiba Mwaija ni mama wa kawaida anayeuza nazi mbele ya nyumba yake. Mumewe, Mwinshehe, ni fundi uashi, anajenga kuta za viwanja Mapinga. Binti yao, Adila, yuko kidato cha nne na anataka kusomea ukunga. Mwalimu wake wa fizikia alihama shule mwanzoni mwa mwaka, na mtihani wa taifa haumsubiri mtu. Adila akaingia kwenye kundi moja la Facebook la wanafunzi, akaandika kwamba anatafuta mwalimu wa tuisheni, yuko Mbegani, namba ya mama yake hii hapa.

Simu ilikuja asubuhi.

"Asalaam aleikum. Shikamoo, mama."

"Waaleikum salaam. Marahaba, baba."

"Mimi naitwa mwalimu Abdulazizi. Nazungumza na Mama Adila wa Mbegani? Ndiye wewe uliyemsitiri bibi yetu, marehemu Bi Habiba?"

Mwaija akaweka chini nazi aliyokuwa ameishika. "Ndiye mimi."

"Basi Mola akulipe kheri, mama yangu. Kazi ile si ya kila mtu."

Anayeosha maiti hupewa mkono siku ya msiba, kisha watu huona haya kuitaja kazi yake. Mwaija alikuwa ameizoea hali hiyo. Sasa sauti ya kijana mwenye adabu, asiyemjua, ilikuwa inamshukuru bila kuombwa, na macho yake yakalowa. Mwalimu alisema ana kituo cha tuisheni Mapinga, nyumba ya geti jeusi, na kwamba wenzake Adila wameshaanza. Aje Jumamosi, aje peke yake ili ajifunze kujitegemea. Akaomba namba ya Adila mwenyewe, kurahisisha mawasiliano. Mwaija akampa.

Wifi yake, Sihaba, alipouliza huyo mwalimu katokea wapi, alijibiwa kwa ufupi: "Ni mtu wetu. Anamjua Bi Habiba."

Kwa watu wa pwani hii jibu hilo hutosha. Mgeni akishatoa salamu sawasawa, akataja maiti wenu na aliyemwosha, hamuulizi tena ukoo wake. Atakuwa ametoka wapi kama hakutoka kwetu?

Alipiga tena Ijumaa, baada ya swala, kukumbusha safari ya kesho. Mwaija, ambaye moyo wake ulikuwa mweupe kabisa, alitaka tu kumrudishia dua.

"Na wewe uliwahi maziko, mwanangu?"

"Niliwahi, mama. Nimetia mchanga kwa mkono wangu huu, pale pale Mbegani."

Sihaba alikuwepo. Anasema wifi yake alisimama na simu sikioni kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kutoka chumba kisicho na mtu. Kisha akazungumza, kwa sauti ile ile ya upole.

"Basi, mwalimu, nimebadilisha. Njoo wewe huku. Utamsomeshea barazani kwangu, mimi na baba yake tupo."

"Mama, huku kuna ubao, kuna vifaa. Wenzake wanamsubiri."

"Nitajie mama wa mwenzake mmoja nimpigie."

"Kwani mama huniamini?"

"Wewe sikujui."

Simu ikakatika.

Hazikupita dakika nyingi, Adila akatoka ndani na simu yake mkononi. Ujumbe ulikuwa umeingia: mama yako ana wasiwasi wa kizamani, usimwambie kitu, njoo tu kesho, ukifeli utajilaumu mwenyewe. Binti alikuwa akiutaka mtihani ule kuliko kitu chochote. Alisoma ujumbe mara mbili, kisha akampa mama yake simu.

"Alijuaje, mama? Alijuaje habari za Bi Habiba?"

Jibu lilikuwa humo humo mkononi. Mohamedi, mpwa wa marehemu, alitangaza msiba kwenye Facebook saa ile ile ulipotokea: maziko Mbegani, baada ya alasiri. Maziko yalipohamia Kerege watu waliambizana kwa mdomo na kwa simu, na tangazo likabaki kama lilivyokuwa. Baadaye akaandika shukrani, akamtaja Mama Adila aliyemsitiri shangazi yake, na jina la Adila likabandikwa hapo. Mtu aliyekuwa akimchunguza binti huyu alifuata jina lake, akazikuta salamu zao, maiti wao na shukrani zao, akazivaa kama kanzu ya kuazima.

"Subhanallah," alisema Mwaija. "Kaingia ndani mwangu kwa mlango wa maiti."

Mwinshehe alikwenda Mapinga siku iliyofuata pamoja na askari wa dawati la jinsia, ambao walikuwa wameshapewa ujumbe ule na namba ile. Geti jeusi lipo. Ndani kuna nyumba isiyopigwa lipu, mkeka mmoja, na hakuna ubao. Majirani hawajapata kuona mwanafunzi. Namba ilikuwa imezimwa.

Wiki ile ile ilisomwa hitima ya arobaini ya Bi Habiba. Wanawake walijaa ukumbini, sinia za pilau hazijaletwa, Mwaija akaomba kusema.

"Haya, leo mwosha anasema!" Sihaba akachombeza. "Nani kafufuka?"

Wakacheka. Mwaija hakucheka. Alieleza yote, kuanzia machozi yake mwenyewe. Hakujificha mahali popote katika habari ile. Namba ya mwanangu nilimpa mimi, alisema, kwa sababu alinishukuru.

Kicheko kilikwisha zamani. Mama mmoja wa kule nyuma aliinuka nusu, akashika ukuta.

"Geti jeusi?" aliuliza. "Hafidha wangu kaitwa kesho."

Mwanamke ambaye kwa kazi yake hufika baada ya kila kitu kwisha, safari hii alikuwa amefika mapema, na chumba kizima kilikuwa kinamtazama kama watu wanavyotazama jambo lisilo na maelezo.

Mwalimu aliyepatikana mwishowe ni Najma, naye alitoka mtandaoni. Mwaija alipiga simu shule anayofundisha na kuzungumza na mkuu wake, akaenda kumwona mzazi ambaye binti yake alishafundishwa naye, ndipo akamkaribisha. Ujumbe wote hupitia simu ya mama. Masomo ni barazani, mchana, njia nzima ikiona, na Hafidha ameungana nao.

Jumamosi moja Najma alitumbukiza kijiko kwenye glasi ya maji, akawaambia wasichana waeleze kwa nini kinaonekana kimevunjika. Adila alieleza: mwanga ukitoka majini kuingia hewani hupinda njia. Mwaija aliacha kufua nazi, akasogea, akainama juu ya glasi. Maji ameyashika maisha yake yote, ya walio hai na ya waliokufa.

Alikitoa kijiko, akakiona kizima. Akakirudisha.

"Sema tena, mwanangu," alisema. "Polepole."